Meza ya Wasiwasi ya Timu ya Ngege

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kisumu, wa mjini na wa kando ya ziwa, wenye kazi na wanaoitafuta, kwamba kuanzia leo hadi siku ya kufungua ligi hakuna shabiki yeyote wa timu ya Ngege anayeruhusiwa kuwa na wasiwasi hadharani. Mwenye wasiwasi aulete mezani. Utapokelewa, utashughulikiwa, na mwenyewe atarudishiwa matumaini yanayolingana.

Hivyo ndivyo alivyosema Mheshimiwa Oketch, Mwenyekiti wa Bodi ya Ustawi wa Ufukwe, akiwa amesimama juu ya lori la takataka ambalo lilioshwa kwa ajili ya hotuba. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa mwajiriwa wa Bodi. Mimi Apiyo ndiye niliyekuwa napika chai yao.

Nataka ieleweke mapema kwamba uamuzi ule ulikuwa wa busara. Wako watu mpaka leo wanaucheka, hasa huko Kondele, lakini hao hawakuwa kwenye mkutano. Mimi nilikuwepo. Niliingia na birika mara nyingi, na kila nilipoingia nilikuta busara imeongezeka.

Shida ilianzia kwa ziwa. Mwaka ule mvua ilinyesha kama mtu aliyesahau kufunga mfereji, na ziwa likaanza kupanda. Likala bustani za mboga, likala njia ya kwenda kuteka maji, kitu ambacho kilishangaza watu kwa sababu sasa maji yenyewe yalikuja kuwachukua. Mheshimiwa Oketch hakungoja. Alipanga magunia ya mchanga kando ya uwanja wetu wa mpira, ambao uko ufukweni kabisa, akauita Ukuta wa Oketch. Akasimama juu yake akasema, "Ziwa halitapita hapa. Nimelikataza."

Ziwa lilipita siku ya Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa. Katibu wa Bodi, Bwana Nicodemus Waliaula, alisema hilo linaonyesha wazi kwamba ziwa lilijua linavunja sheria.

Basi nusu ya uwanja ikaingia ndani. Katikati, pale mpira unapoanzia, maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Kwenye goli la kusini yalifika magoti. Ukuta wa Oketch wenyewe haukuonekana tena. Ulikuwa kule chini, ukiendelea na kazi.

Mtu wa kawaida angesema, hamisheni timu. Ndivyo alivyosema Mzee Zadock Ogola, gadi wa treni mstaafu, shabiki wa Ngege tangu timu ilipokuwa inachezea mpira wa matambara. Alikuja mpaka dirishani kwa ofisi akaita, "Bwana Katibu! Mamboleo kuko na kiwanja kikavu. Ng'ombe wanalala hapo bila kukohoa. Pelekeni vijana huko wafanye mazoezi!"

Bwana Katibu akamjibu kwa upole, "Mzee, tukihama kwa sababu ya maji, tutakuwa tumekubali kwamba iko maji."

"Na si iko?"

"Hilo ndilo swali ambalo Bodi haijaulizwa rasmi."

Mzee Zadock hakujua kanuni. Kanuni ya ligi ilisema uwanja wenye maji si uwanja, na timu isiyo na uwanja inafutwa. Tena wachezaji wa Ngege walikuwa vibarua wa Bodi. Asubuhi walizibua mitaro na kufagia soko, jioni walifanya mazoezi. Walilala kwenye nyumba za Bodi pamoja na wake zao na watoto. Timu ikifutwa, vibarua wanafutwa, nyumba zinafungwa. Kwa hiyo Bodi ilikaa kutwa nzima, ikanywa chai yangu yote, ikaamua kwamba maji hayapo. Kilichopo ni unyevu.

Timu zingine zingeomba msaada serikalini, zingengoja mwaka mzima. Sisi tuliondoa ziwa kwa mkutano mmoja.

Sasa ikabaki shida ya mashabiki. Unajua mashabiki wa Kisumu. Msimu wa mazoezi, kabla ligi haijaanza, ndio msimu wao wa kuteseka. Hakuna mchezo wa kuangalia, basi wanaangalia mchezaji mmoja mmoja kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Huyu amenenepa. Yule anachechemea. Huyu ameoa juzi, miguu imelegea. Na mwaka ule wakaongeza neno lingine, na neno lenyewe lilikuwa maji. Walilisema kwa sauti, sokoni, kanisani, mpaka kwenye kituo cha mabasi ya Bondo, mahali ambapo abiria wangeweza kulibeba likafika mbali.

Ndipo ikaanzishwa Meza ya Wasiwasi.

Bwana Katibu aliniita. "Apiyo, wewe utakaa kwenye meza."

"Mimi, Bwana Katibu? Na chai?"

"Chai utaendelea. Tumekuchagua kwa sababu una subira, na kwa sababu hukusoma sana. Mtu aliyesoma sana angeanza kuwajibu watu."

Nilishukuru. Ni kweli niliishia shule ya msingi, lakini kupandishwa cheo ni kupandishwa cheo. Nilipewa meza yenye miguu mitatu mizima, kiti, na kijibanda cha mabati langoni mwa uwanja, upande mkavu, yaani upande ambao unyevu wake ulikuwa haujaanza. Nikafundishwa kazi. Mtu analeta wasiwasi kwa mdomo, mimi naupokea, naugeuza, namrudishia ukiwa matumaini. Hakuna kuandika. Bodi iliona kwamba wasiwasi ukishaandikwa unaweza kusomwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Zadock, amevaa kofia yake ya reli.

"Karibu, Mzee. Una wasiwasi gani leo?"

"Nyathina, mtoto wangu, kipa wetu amesimama ndani ya maji."

"Unyevu, Mzee."

"Unyevu umefika magoti!"

"Basi tunaupokea hivi: kipa ameburudika mpaka magotini."

"Na akipata kichomi?"

"Tutasema amepata joto."

Akavua kofia. "Na babako anajua unafanya hii kazi?"

"Anajua, Mzee. Anayefuata!"

Kazi ilienda vizuri sana. Mtu alisema beki wa kushoto ameteleza akazama mpaka masikio. Nikamrudishia: beki anacheza chini chini siku hizi. Mwingine alisema mpira umechukuliwa na wimbi umeenda upande wa Homa Bay. Nikamrudishia: pasi zetu zimekuwa ndefu. Watu waliondoka mezani wakiwa kimya kabisa, na Bwana Katibu alisema kimya hicho ni dalili ya imani.

Kisha ikaja siku ya kiboko. Alitokea jioni, wakati wa mazoezi, akatoa kichwa kwenye matete nyuma ya goli la kusini, akapumua. Wachezaji wote walikimbilia goli la kaskazini kwa kasi ambayo kocha hajawahi kuipata kwao. Mashabiki wakapanga foleni mezani mpaka jua likazama. Bodi ilikutana haraka ikaamua kwamba yule ni mtazamaji ambaye hajalipa kiingilio. Askari wa Bodi akatumwa kwenda kumdai. Askari alifika nusu ya njia, akarudi, akaomba likizo ya kwenda kumwona mamake.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenishinda. Mama Beldina, anayekaanga samaki pale Kondele, alikuja na karai lake kichwani, akalitua juu ya meza, meza ikapiga magoti.

"Wewe Apiyo, mimi sina shida na maji."

"Unyevu, Mama."

"Ita jina unalotaka. Shida yangu ni hawa vijana. Wanatembea humo ndani kama kuku aliyekanyaga ugali wa moto. Mguu juu, mguu juu, halafu pwaa! Chini. Sisi tulivuta nyavu tangu tukiwa wasichana. Kwa maji mguu haunyanyuliwi. Mguu unaburutwa. Unateleza nao chini chini, unasikia ardhi. Hiyo ndiyo wasiwasi yangu. Haya, geuza."

Nilijaribu. Nikafikiri mpaka samaki wakapoa. Wasiwasi wa watu wengine ulikuwa kama nguo, unaugeuza ndani nje. Wa Mama Beldina haukuwa na upande mwingine. Nikaenda kwa Bwana Katibu. Naye akafikiri, akakuna kidevu, akasema, "Wasiwasi usio na matumaini yake Bodi haiutambui. Mrudishie mwenyewe, aupeleke anakotaka."

Nikamwambia Mama Beldina hivyo hivyo. Akasema asante. Akafunga leso kiunoni, akaingia majini na viatu vyake, akaenda moja kwa moja mpaka kwa kipa Simiyu, akamshika kifundo cha mguu kama mtu anayemshika mbuzi.

"Buruta!" tulimsikia kutoka langoni. "Buruta, kijana! Huo mguu nani alikwambia uutoe nje? Unakausha?"

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni. Bodi haikumkataza, kwa sababu hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anapiga kelele tu, na kelele hazikuwa kwenye tangazo.

Simiyu huyu alikuwa nahodha na kipa, kijana wa Bungoma, mpole, mwenye mikono kama majembe. Jioni moja baada ya mazoezi alikuja kwenye meza yangu akitiririka. Alikaa kwenye jiwe.

"Apiyo dada yangu, mimi nina wasiwasi."

"Meza ni ya mashabiki, Simiyu. Mchezaji hana ruhusa."

"Najua." Akakamua fulana. "Mkaguzi wa ligi anakuja siku ya kufungua. Akisema maji, tumeisha. Mke wangu Nasipwondi amezaa juzi. Tutatoka kwa nyumba ya Bodi twende wapi? Nirudi Bungoma nimwambie baba nini? Kwamba nimefukuzwa na kitu ambacho hakipo?"

Kanuni ilinitaka nimrudishie matumaini. Nilitafuta. Nikakumbuka chai ya mkutano ilibaki kidogo kwenye birika. Nikampa hiyo. Aliinywa yote, akarudisha kikombe, akaenda zake. Ninakiri kwamba hapo huduma haikukamilika.

Siku ya kufungua ligi ikafika. Wageni wetu walikuwa Pareto ya Nakuru, vijana wa nchi kavu, warefu, na soksi nyeupe zinazoumiza macho. Mkaguzi wa Viwanja alikuwa Bwana Wabwire, mtu mfupi asiye na haraka.

Asubuhi nilimuuliza Bwana Katibu, "Viti vya wageni wa heshima niviweke wapi?"

"Mahali pake, Apiyo. Kama ramani ya uwanja inavyosema."

"Ramani inasema nyuma ya goli la kusini, Bwana Katibu."

Alitazama kule nyuma ya goli la kusini, ambako bata wa majini alikuwa anapita na watoto wake. Lakini kuniambia niviweke mahali pengine ilikuwa ni kunipa sababu, na sababu yenyewe haikuwepo.

"Kama ramani inavyosema," akasema.

Nikaviweka. Vilitaka kuelea kidogo, nikavifunga kwa kamba kwenye mti wa zamani wa bendera. Nikaweka na kitambaa cha meza. Wajumbe wengine wa Bodi walipoona mpangilio waliugua ghafla, mmoja baada ya mwingine, magonjwa ya heshima kama presha.

Mheshimiwa Oketch akafika, suti mpya ya kijivu, viatu vinavyong'aa, fimbo yenye mkia wa ng'ombe. Mashabiki walikuwa wamejaa upande wa kaskazini. Pareto wakasimama mstari. Nahodha wao akamwendea Mkaguzi.

"Bwana Mkaguzi, huu uwanja una maji."

Hapo Simiyu, aliyekuwa karibu yangu langoni, alishika nguzo ya kibanda. Bati likalia juu ya kichwa changu.

Bwana Wabwire aligeuka polepole. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ni kweli? Uwanja huu una maji?"

"Hauna," akasema Mheshimiwa.

"Hata kidogo?"

"Ni unyevu. Unyevu wa kawaida wa majira."

"Na yale ninayoyaona kule?"

"Ni mng'ao."

"Vizuri." Bwana Wabwire akainama, akavua viatu, akafunga kamba zake pamoja, akavitundika shingoni. Akakunja suruali mpaka magotini. "Mimi ni mtu wa Budalang'i. Kwetu unyevu kama huu unaingia mpaka kitandani, unakuta watu wamelala. Mimi kanuni inanitaka nitembee. Wewe, Mheshimiwa, karibu ukae kwenye kiti chako. Tuanze."

Mheshimiwa Oketch akatazama viti. Akamtazama Bwana Katibu, na Bwana Katibu akatazama mawingu. Kisha, na hapa lazima tumpe heshima yake, Mheshimiwa akaingia. Aliingia na viatu, na suti, na fimbo, kama mtu anayepita sebuleni. Alipokaa, maji yalimfika kiunoni. Bwana Katibu akakaa kando yake. Mkia wa ng'ombe wa ile fimbo ukaanza kuogelea wenyewe.

"Kiti ni kizuri?" akaita Mkaguzi.

"Kizuri sana!"

Nahodha wa Pareto akalalamika tena. Mkaguzi akamwambia, "Kijana, Mwenyekiti amesema hakuna maji. Na yeye ndiye amekaa ndani yake, anajua kuliko mimi na wewe."

Simiyu aliachia nguzo.

Kipindi cha kwanza Pareto walilinda goli la kusini. Sasa mpira, ukianguka kwenye maji, haurudi juu. Unakaa hapo ulipo unakutazama. Kipa wa Pareto alingoja udunde. Alingoja sana. Huku vijana wetu wanakuja wanaburuta miguu, shwaa, shwaa, hawana haraka, kama watu wanaovuta wavu. Wa Pareto walikuja mguu juu, mguu juu, pwaa. Soksi nyeupe zikaisha. Tukaingiza goli. Kabla ya mapumziko tukaingiza lingine. Mama Beldina alikuwa anaruka na karai lake, samaki wanaruka nalo.

Wakati wa mapumziko Bwana Katibu alimwambia Mheshimiwa kwamba anaenda kuharakisha chai. Alinipita langoni bila kusimama. Chai aliifuata, nadhani, mpaka kwao, kwa sababu tulimwona tena wiki iliyofuata.

Kipindi cha pili Simiyu ndiye alikuwa kwenye goli la kusini, na nyuma yake, peke yake kati ya viti vitupu, alikuwa Mheshimiwa. Na nyuma ya Mheshimiwa matete yakatikisika. Yule mtazamaji ambaye hakulipa kiingilio akatoa kichwa.

Mimi nilimwona. Uwanja mzima ulimwona. Waliokuwa wamemgeukia mgongo ni wawili tu, Simiyu na Mheshimiwa.

Mzee Zadock akainuka, akaweka mikono mdomoni. "Mheshimiwaaa! Nyuma yako—"

Askari wa Bodi, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mamake, akamwinulia rungu. "Mzee! Wasiwasi ni mezani! Hapana piga kelele hadharani."

"Lakini kiboko atamuua!"

"Mezani!"

Basi watu wakaja mezani. Walikuja kwa utaratibu mzuri, sijawahi kuona foleni nzuri namna ile Kisumu. Wa kwanza alikuwa Mama Beldina.

"Nina wasiwasi kiboko atamla Mwenyekiti."

"Kiboko hali nyama, Mama."

"Basi atamkalia."

"Tunaupokea hivi: Mheshimiwa amepata mgeni wa heshima wa kumpa kampani. Anayefuata!"

"Kiboko amekaribia, amefika kwenye kiti cha Katibu!"

"Nafasi ya Katibu haikukaa wazi. Anayefuata!"

"Na wewe, Baba, una wasiwasi gani?" nikamuuliza aliyefuata.

"Mimi? Mimi sina. Nimeona foleni nikapanga."

Foleni ilikua. Ilitoka langoni ikafuata mstari wa pembeni, ikashuka, ikashuka, mpaka walio nyuma wakawa wanasimama kwenye unyevu wa kifundo, kisha wa goti. Lakini watu walikuwa na nidhamu. Hakuna aliyeruka zamu.

Uwanjani, mshambuliaji wa Pareto alibaki peke yake na Simiyu. Mashabiki tulifunga macho. Akainua mguu apige, akainua na macho, akaona kilichokuwa juu ya bega la Simiyu. Akageuka na mpira wake, akarudi nao alikotoka. Simiyu alipewa makofi mengi, hakujua kwa nini.

Nahodha wa Pareto akamkimbilia Mkaguzi. "Bwana Mkaguzi, iko kiboko!"

"Kiboko anaishi wapi?"

"Kwa maji!"

"Na maji hakuna. Basi huyo hawezi kuwa kiboko. Endelea na mchezo."

Firimbi ya mwisho ikalia. Ngege mbili, Pareto hakuna. Simiyu alikimbia kwetu, kaskazini, miguu ikiburutwa vizuri mpaka nchi kavu, mahali ambapo mtu akiiburuta anaanguka. Akaanguka. Wakambeba hivyo hivyo.

Ndipo yule mgeni akasogea karibu kabisa, akapumua kwenye kisogo cha Mheshimiwa. Pumzi ndefu, yenye majani.

Mheshimiwa hakugeuka. "Nicodemus," akasema kwa hasira, tukamsikia wote, kwa maana uwanja ulikuwa kimya, "chai iko wapi?"

Hakujibiwa. Akageuka.

Sitaki kusema kwamba alikimbia. Mtu wa cheo chake hakimbii. Aliondoka kwa mwendo wa kunyanyua miguu, mguu juu, mguu juu, akaanguka, akainuka, suti imekuwa ya rangi nyingine, na kutoka ufukweni Mama Beldina akawa anamwita kwa huruma ya kweli, "Buruta, Mheshimiwa! Buruta!" Kiboko hakumfuata. Alikuwa ameanza kula kitambaa cha meza.

Bwana Wabwire akamngoja Mheshimiwa kwenye ukavu, akavaa viatu vyake taratibu.

"Hongera, Mheshimiwa. Timu yako imecheza, imeshinda, imebaki kwenye ligi. Uwanja wako ni mkavu. Umeniapia kwa mdomo wako na umekaa humo mpaka mwisho, sijawahi kuona ushahidi kama huo."

Watu wakapiga vigelegele. Simiyu akaketi chini akafunika uso na ile mikono yake, na mtu akakimbia kumwita Nasipwondi.

"Asante, asante," akasema Mheshimiwa, anatetemeka, maji yanamtoka mfukoni. "Ni maandalizi tu. Bodi iliona mbali. Hii hali ya uwanja tuliipanga—"

"Hali gani?" akauliza Mkaguzi.

Mheshimiwa akafunga mdomo. Nilimwonea huruma. Kama maji hayakuwepo, ushindi ni wa vijana. Kama maji yalikuwepo, yeye ni mwongo. Alisimama katikati ya hayo mawili, anatiririka.

"Jambo moja tu," akasema Bwana Wabwire. "Mpaka Nairobi nimesikia sifa za Ukuta wa Oketch, ule uliozuia ziwa. Nataka kuuona. Ninalala hapa mjini leo, kwa hiyo kesho asubuhi utanipeleka wewe mwenyewe. Nitapenda tusimame juu yake."

Akaenda zake na viatu vikavu.

Mheshimiwa Oketch alikamua koti la suti. Akatazama ziwa, mahali ambapo ukuta wake ulikuwa kazini, na mahali ambapo kiboko alikuwa anamalizia kitambaa. Kisha akaja mezani kwangu. Alikuja moja kwa moja mbele ya watu wote, akainama, akanong'ona.

"Apiyo, binti yangu. Mimi nina wasiwasi."

Foleni nzima ikageuza vichwa. Nilimwonyesha adabu zote. Nilisimama, nikafuta kiti, nikamwambia pole kwa unyevu. Lakini kazi ni kazi, na tangazo lilikuwa lake mwenyewe.

"Meza iko wazi kwa kila shabiki, Mheshimiwa," nikamwambia. "Tafadhali ushike zamu. Mwisho wa foleni uko kule."

Nikamwonyesha kwa kidole. Wale walio nyuma kabisa, wakiwa wamesimama kwenye maji ya magoti, walimpisha nafasi kwa heshima, hatua chache kutoka kwa kiboko.